Kufunga pawa stelingi kwenye gari la zamani kwa vipuri vilivyotumika

Mleta mada ameuliza kama gari lake la zamani, lenye usukani mgumu usio na msaada wowote, linaweza kufungwa pawa stelingi kwa vipuri vya gari lililokatwa, na kama pampu peke yake ingetosha. Linaweza, ila pampu peke yake haitoshi. Kazi hii nimeifanya kwenye Toyota Corolla yangu ya 1988, mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri, kwa hiyo nitakaa zaidi pale nilipojikwaa.

Kinachokupunguzia uzito wa usukani ni reki, ule mtambo mrefu unaolala kati ya magurudumu ya mbele na kuyageuza. Ndani ya reki ya pawa kuna pistoni inayosukumwa na mafuta, na pale shafti ya usukani inapoingia kuna vali inayofunguka kadiri fimbo nyembamba ya chuma iliyomo ndani yake inavyojipinda unapokata kona. Pampu hupeleka mafuta tu. Ukiibakiza reki ya zamani, mafuta hayo hayana pa kwenda.

Tafuta basi gari la toleo lilelile la gari lako, lililotoka kiwandani likiwa na pawa. Reki ya gari la aina nyingine inaweza kuonekana imekaa sawa, lakini urefu wake ukitofautiana na ule wa awali, au ikikaa juu au chini kidogo kuliko inavyotakiwa, tairodi (fimbo zinazounganisha reki na magurudumu) hazitafuata tena mwendo wa mikono ya chini inayoshikilia magurudumu, na gari litajigeuza lenyewe kila gurudumu linapopanda tuta. Kasoro hiyo haiondolewi na alaimenti. Mimi huchagua gari lililogongwa nyuma, kwa kuwa la kugongwa mbele huenda reki yake imepinda bila mtu kuona.

Kabla ya kulipia, vuta nyuma mipira ya vumbi ya reki. Ukikuta mafuta ndani, sili za mwisho zimechoka; ukikuta fimbo kuu ya reki ina vishimo vya kutu, iache hapohapo, kwa sababu vishimo hivyo vitakata hata sili mpya. Ukishaifungua, ziba matundu yake yote mara moja, maana punje ya mchanga inatosha kuikwaruza vali.

Chukua pia breketi zote za pampu na bolti zake, puli ya krenki (gurudumu la injini linalozungusha mkanda wa pampu), hozi ya presha, bomba la kurudisha mafuta, chupa yake na kiungio cha shafti. Mara ya kwanza niliacha breketi nikiamini kwamba kipande cha chuma nilichochomelea kingefanya kazi ileile. Mkanda ulilia tangu asubuhi ya kwanza, na siku ya pili ukingo wake mmoja ulikuwa umechanika nyuzi. Nilipolaza rula ya chuma juu ya puli mbili nikaona mwanga ukipita upande mmoja: pampu ilikuwa imekaa nje kwa milimita tatu hivi. Breketi ya kiwandani ilipopatikana, kelele zikaisha siku hiyohiyo. Usisahau swichi ndogo ya presha, kama gari ulilolikata lilikuwa nayo, kwa kuwa ndiyo inayopandisha sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, unapokata usukani gari likiwa limesimama. Bila hiyo, injini ndogo huelekea kuzima wakati wa kuegesha.

Kwenye hozi ya presha sina mzaha. Usukani ukifika mwisho, presha inaweza kupita bar 70, na hakuna mpira wa kawaida wenye klipu ya kukaza kwa bisibisi unaoweza kuizuia. Mpira huo ukichomoka, mafuta hurukia ekzosi yenye moto, na gari huweza kuwaka. Kama hozi ya zamani ina nyufa, peleka kwa fundi wa hozi za haidroliki aitengeneze upya kwa urefu uleule. Upande wa kurudisha mafuta presha ni ndogo, na hapo mpira unaostahimili mafuta unatosha.

Kabla ya kuunga shafti, hesabu mizunguko ya reki kutoka mwisho hadi mwisho, kisha irudishe nusu yake ili usukani unyooke magurudumu yakiwa yamenyooka. Bolti ya kiungio ipite kwenye mfuo wake. Isipopita, kiungio kinaweza kuchomoka ukiwa barabarani.

Kutoa hewa kunataka subira. Inua magurudumu ya mbele, weka stendi, jaza mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa, halafu, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho mara ishirini hivi huku mwenzako akiongeza mafuta. Mimi niliwasha mapema. Pampu ilinguruma, na mafuta mekundu yakageuka povu la waridi lililopanda hadi kwenye kifuniko. Ilinibidi nizime na kusubiri karibu saa nzima povu litulie. Ukishawasha, usiushikilie usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache, kwa sababu mafuta huchemka na pampu huumia.

Wapo wanaopendelea mota ya umeme iliyo kwenye nguzo ya usukani, hasa ile ya Opel Corsa, ambayo hutoa msaada wa kiwango kimoja hata isipopata taarifa za mwendo wa gari. Haihitaji mafuta wala mkanda. Lakini shafti lazima ikatwe na kuchomelewa, kazi ambayo singeikabidhi kwa mtu asiye na ujuzi uliothibitishwa, na mota huvuta makumi ya ampea, hivyo inataka waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi yake yenyewe na alteneta yenye afya.

Ukimaliza, fanya alaimenti siku hiyohiyo, kisha zima injini uzungushe usukani ili uujue uzito wake mkanda ukikatika, kwani utakuwa mzito kuliko ulivyokuwa kabla ya pawa. Reki ya zamani usiiuze kwanza. Yangu ilirudi kwenye gari kwa wiki mbili nilipokuwa nikitafuta breketi.