Mirror Force hufunguliwa lini?

Swali: Ndugu Mhariri, katika mchezo wa kadi wa Yu-Gi-Oh!, mpinzani alitangaza shambulio nami nikanyamaza. Alipotumia kadi ya Honest kuongeza nguvu za kiumbe wake, nilitaka kufungua Mirror Force, kadi ya mtego inayoangamiza viumbe wa mpinzani walio katika hali ya kushambulia, akakataa. Je, alikuwa na haki?

Jibu: Alikuwa nayo. Mirror Force hujibu tangazo la shambulio pekee, na mkishafika hatua ya madhara, yaani sehemu ya pambano ambamo nguvu za viumbe hulinganishwa na ambamo Honest hutumika, hakuna kurudi nyuma. Hapo hukubaliwa hasa kadi zinazobadilisha nguvu za kushambulia au kujilinda, pamoja na mitego ya kupinga (kadi za kubatilisha kitendo cha mpinzani) kama Divine Wrath, ambayo ingeibatilisha Honest kwa gharama ya kutupa kadi moja ya mkononi. Hata hivyo, mpinzani asiyekupa nafasi ya kujibu tangazo lake, jambo ambalo wenye pupa hulifanya mara nyingi, ndiye mwenye kosa.