Saa tatu zako za baiskeli ni saa nane

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kwamba una kazi ya kutwa na watoto wawili wadogo, kwamba kila Jumamosi na Jumapili unatoka "kwa saa tatu tu" kuendesha baiskeli kilomita 60 na wenzako, na kwamba mkeo, ambaye zamani alikuwa akikusindikiza mlangoni, sasa hununa na juzi amekutaka uchague kati yake na hilo dude la magurudumu mawili. Unaniuliza umweleweshe vipi kwamba mazoezi ni afya. Pole kwa kununiwa.

Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu ulimi wako umeteleza katika aya ya tatu. Huko unaeleza kwamba huamka saa kumi na moja alfajiri ili ujaze upepo, hurudi saa nne baada ya maongezi, kisha huosha baiskeli na kuupangusa mnyororo kiungo kwa kiungo kwa mswaki mkuukuu, halafu "hujinyoosha kidogo" hadi saa saba. Hizo ni saa nane, na muda wote huo kuna mtu anayewaogesha watoto na kuwanyamazisha ili baba alale. Mnyororo umeupa mistari sita. Watoto umewataja mara moja tu. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hiyo hoja ya afya nayo haikufikishi mbali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na wewe Jumamosi peke yake unapiga dakika 180. Ya Jumapili, basi, ni starehe. Starehe si kosa, ila uiite kwa jina lake na uiombee nafasi, maana ndoa nyingi za siku hizi (niwie radhi nikichepuka) zimekuwa mbio za nani atawahi kujiandikia ratiba, na anayechelewa ndiye anayebaki na watoto.

Umeandika kwamba kazini kwako ni kilomita 8, nawe huenda kwa gari na kulalamikia foleni. Kwa mwendo wako wa kilomita 20 kwa saa, hizo ni dakika 24. Kwenda na kurudi siku tano ni kilomita 80, zaidi ya safari yako ya Jumamosi, na hakuna atakayenyang'anywa chochote nyumbani. Beba shati la kubadilisha, funga taa mbele na nyuma, uanze Jumatatu. Safari ndefu ibaki moja, kwa siku ambayo mkeo ameichagua.

Jumapili hii, lakini, baiskeli ilale. Mkeo apewe saa nane zilezile, atoke aende apendako, nawe usithubutu kumpigia simu kumwuliza soksi za mtoto ziko wapi.