Kwa nini Poland haitaki kuachia kura ya turufu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu namna Umoja wa Ulaya unavyofikia maamuzi. Ujerumani inataka mambo ya nje, ambayo kwa kawaida huhitaji nchi zote zikubali, yaamuliwe kwa wingi wa kura; Poland inasita. Je, ni uchungu tu wa vita vya 1939, Ujerumani ilipoivamia Poland, au kuna sababu nyingine?

JIBU: Marahaba. Uchungu upo. Raia wa Poland wapatao milioni 6 waliangamia katika vita vile, nusu yao Wayahudi. Lakini ukianzia hapo utapotea njia. Anza na hesabu.

Chini ya Mkataba wa Lisbon, unaoweka kanuni za Umoja, uamuzi wa wingi maalumu hupita ukiungwa mkono na asilimia 55 ya nchi, yaani 15 kati ya 27, zenye asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Kuuzuia kunahitaji nchi zisizopungua 4 zenye zaidi ya asilimia 35 ya watu. Ujerumani ina watu milioni 83 hivi kati ya takriban milioni 450. Ikishikana na Ufaransa, inakaribia kabisa kizingiti hicho. Ikipata nchi mbili ndogo, imemaliza kazi. Poland ina watu milioni 37 hivi. Hata ikijiunga na Hungaria, Cheki na Slovakia, zote nne hazifiki asilimia 15. Ndiyo maana kura ya turufu ina thamani kubwa Warsaw: ni mahali ambapo sauti yake inalingana na ya Berlin.

Juu ya hesabu hiyo kuna bomba la gesi. Mwaka 2005 Ujerumani na Urusi zilikubaliana kupitisha Nord Stream chini ya Bahari ya Baltiki, bila kugusa ardhi ya Poland wala Ukraine. Poland ililalamika sana. Urusi ikaitwaa Crimea, rasi ya Ukraine, mwaka 2014, na mwaka uliofuata makampuni yakatia saini ya bomba la pili. Mpaka Februari 2022 ndipo Berlin iliposimamisha kibali chake. Mpoland aliyeyaona hayo akiambiwa leo "tuamini, tutaamua pamoja kuhusu Urusi", anasita, na mimi simlaumu.

Hata hivyo naona Warsaw inakosea katika hitimisho lake. Turufu haikuzuia bomba lile hata kidogo, kwa sababu halikuwahi kuwa uamuzi wa kupigiwa kura na nchi zote za Umoja. Ilikuwa biashara iliyobarikiwa na serikali moja. Na turufu ya namna hiyo, mikononi mwa Hungaria, ilikwamisha msaada wa yuro bilioni 50 kwa Ukraine mnamo Desemba 2023, hadi ulipopita Februari 1, 2024. Poland, inayopakana na Ukraine na iliyopokea wakimbizi wake kwa wingi, ni miongoni mwa nchi zenye mengi ya kupoteza msaada kama huo unapokwama. Kinga dhidi ya bomba jingine ni sheria kali za pamoja za nishati, na hizo tayari hupita kwa wingi wa kura.

(Wanafunzi wetu huniuliza kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano. Ulinganisho huo unafaa, ila uupe sura yake mwenyewe.)

Sasa upande wa sheria, ambao wengi huuruka. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya, aya ya 3, inaruhusu wakuu wa nchi kuhamisha maeneo mengine ya sera za nje kwenda wingi wa kura, ila kwa sharti kwamba wote wakubali. Hivyo Ujerumani na nchi nyingine 8 zilizounda kundi la kudai mabadiliko hayo Mei 2023 haziwezi kuipita Poland. Lazima ziijibu hoja yake. Kisha soma aya ya 4 kabla hujaandika lolote kuhusu majeshi: maamuzi ya kijeshi na ulinzi yamewekwa nje ya mpango huo kabisa.