Naruhusiwa kuhamia nje ya jiji na kazi ya jiji nibaki nayo?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi Mbongo niko Chicago, nimeajiriwa idara ya maji ya jiji, mshahara sio haba. Sasa wife kaona nyumba Oak Park, ni kuvuka barabara tu unakuwa umetoka Chicago, kaniganda tuhamie kisa shule za watoto. Kazini wengine wananiambia ukihama tu umeliwa kichwa, wengine eti hamisha familia halafu barua ziendelee kuja kwa mshikaji wako mjini, nani atajua? Hivi kweli mwajiri anaweza kunipangia pa kulala? – Baba Wawili

JIBU: Baba Wawili pole na presha za nyumbani, ila jibu ni ndiyo, anaweza. Sheria ya jiji la Chicago inataka mfanyakazi wake awe mkazi wa jiji kwelikweli na asiyekuwa mkazi anaachishwa kazi, na usidhani ukienda mahakamani utapeta, maana kuna zimamoto wa Philadelphia alihamia New Jersey akafukuzwa akiwa na miaka 16 kazini, akalipeleka mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani kwamba katiba inampa haki ya kwenda anakotaka, 1976 wakamgomea. Hoja ya majiji ni kwamba mshahara unatoka kwenye kodi za wakazi basi uliwe humohumo na kodi irudi humohumo, na kwa maoni yangu hawajakosea sana, japo kodi ya nyumba mjini inauma.

Huo ushauri wa mshikaji ndo wa kukumaliza kabisa. Wachunguzi wa Inspekta Jenerali wa jiji (sio wa polisi, hii ni ofisi inayochunguza makosa ya wafanyakazi wa jiji) hawaangalii anwani ya kwenye leseni peke yake, wanataka kujua maskani yako hasa ni wapi, yaani familia inalala wapi, watoto wanasoma wapi, bili zinakuja wapi na asubuhi gari yako inatokea mlango gani. Mke na watoto wakiwa Oak Park we utamwambia nani unaishi kwa mshikaji? Ulishasaini kwamba we mkazi, sasa hapo kuna na uongo juu yake.

Kuna majimbo yameyanyang'anya majiji yao hayo madaraka, Michigan 1999, Ohio 2006, Wisconsin 2013, ndo maana mfanyakazi wa jiji la Milwaukee, huko Wisconsin, leo anaweza kulala nje ya Milwaukee. Chicago bado wamebana.

Sasa fanya hivi, mwambie shemeji mtafute pembezoni lakini ndani ya mpaka, mapolisi na mazimamoto wengi wamejazana kule Mount Greenwood na Edison Park kwa sababu hiyohiyo. Akikataa katakata bora utafute kazi isiyo na sharti hilo, posta kwa mfano, na barua ya ajira mpya iwe mkononi kabla hamjatanguliza hata dola moja ya nyumba.