Maswali na majibu: Umekatiwa tiketi ya kiti cha jukwaani?

Tangu nivitaje kwenye safu hii viti vya jukwaani, yaani vile ambavyo mtazamaji hukaa palepale waigizaji wanapochezea, maswali yamekuwa yakimiminika. Leo nayajibu machache.

Dada yangu anaishi New York. Amenikatia tiketi ya tamthilia ya nyimbo na anasema tutakaa jukwaani. Ina maana nitaigiza? (Msomaji wa Ntinda)

Huigizi, ila utaonekana. Tamthilia ya Spring Awakening ilipofunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 2006 ilikuwa na viti pande mbili za jukwaa, na baadhi ya waigizaji walikaa humohumo katikati ya watazamaji. Umetulia zako, mara jirani anainuka na kuimba. Mwaka 2016, pale Imperial Theatre, Natasha, Pierre & The Great Comet of 1812 ilikwenda mbali zaidi: watazamaji walikaa hadi jukwaani, na wanamuziki wakapita katikati yao wakipiga.

Kila onyesho lina taratibu zake, lakini kwa kawaida utatakiwa kufika mapema. Mhudumu atawakusanya na kuwasomea masharti: simu izimwe, mifuko iachwe, miguu irudishwe chini ya kiti. Hilo la miguu lishike sana. Sakafuni utaona vipande vya utepe. Ndivyo vinavyomwonyesha mwigizaji mahali pa kusimama, na anaweza kuja mbio gizani bila kuangalia chini. Na kumbuka kwamba ukumbi mzima unakutazama. Ukipiga mwayo, umewapigia watu mia kadhaa.

Huko si ndiko kunakoonekana vizuri kuliko kote? (Entebbe)

Watu wengi hudhani hivyo, nami nawapinga. Waigizaji huelekeza nyuso kwa walioko ukumbini, kwa hiyo wewe utaona migongo na visogo mara nyingi tu. Spika nazo zimeelekezwa kule kule. Ukiwa karibu na ngoma utasikia ngoma, na maneno ya wimbo yatakufikia nusu nusu. Picha kubwa iliyopangwa kwa taa na mapambo huipati, maana uko ndani yake.

Unachopata ni kingine. Unaona waya mwembamba wa kipaza sauti uliofichwa kwenye nywele, na jasho linavyochora mistari kwenye poda. Unaona mfanyakazi aliyevaa nyeusi tupu, kavaa visikizi, ameshika kiti pembeni akisubiri ishara. Taa inazima, anapita, taa inawaka na kiti kipo kama kilichoota. Unamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya sauti ya juu. Kwangu mimi hayo yana thamani kubwa, lakini ni ya mtu anayeijua hadithi tayari. Kama ni mara yako ya kwanza kuiona tamthilia hiyo, mwambie dada abadilishe tiketi. Jukwaani mwende mara ya pili.

Naweza kuvaa gomesi? Na mume wangu kanzu? (Mukono)

Mama, gomesi nyingi za sherehe zimeshonwa kwa kitambaa kinachong'aa, na chini ya taa za jukwaani utamshinda mwigizaji mkuu kwa kumeremeta. Zile ncha za mshipi nazo zikilala sakafuni zinaweza kumwangusha mtu. Kanzu nyeupe inarudisha mwanga vilevile. Vaeni rangi zilizotulia, bangili zibaki nyumbani. Marashi yawe kidogo tu, maana anayeimba hatua mbili kutoka kwako anahitaji kupumua. Mwenye pumu aulize mapema kama kuna moshi wa jukwaani.

Haja ikinibana katikati ya onyesho? (Msomaji aliyeomba asitajwe mji)

Nenda kabla. Kwenye maonyesho mengi ukishatoka huruhusiwi kurudi jukwaani hadi mapumziko, kama yapo. Soda iache.

Mimi nimezoea taarabu na harusi. Mwimbaji akinikuna, naweza kuinuka nikamtunza? (Bombo)

Swali zuri kuliko yote, nami nimecheka peke yangu. Hapana, ndugu yangu. Kwenye taarabu unacheza taratibu hadi mbele, unampa noti, anaitikia, na hilo ni sehemu ya onyesho lenyewe. Hata pale kituo cha utamaduni cha Ndere, Ntinda, wachezaji hufika mahali wakawavuta wageni wainuke kucheza. Kwenye tamthilia ya nyimbo ya Broadway au London kila hatua imehesabiwa pamoja na taa na muziki. Ukiinuka na noti yako utakuwa umesimama mahali ambapo mtu anapaswa kurukia. Subiri wenyewe wakuite. Wakikuita, nenda, wakikupa kitu, pokea. Kupiga makofi wimbo unapokwisha ni ruksa, tena piga kwa nguvu.

Sisi ni kikundi cha maigizo. Tunataka kuuza viti vya jukwaani ili tuongeze mapato. Unaonaje? (Mbale)

Kama sababu ni pesa peke yake, msifanye. Ulaya walishapita huko. Paris, kwenye ukumbi wa maigizo wa Comédie-Française, matajiri walikaa jukwaani hadi mwaka 1759 viti hivyo vilipoondolewa, kwa sababu waigizaji walikosa hata nafasi ya kupita. London, mwigizaji na meneja David Garrick aliwaondoa watazamaji jukwaani pale kwenye ukumbi wake wa Drury Lane mwanzoni mwa miaka ya 1760, na walioizoea heshima hiyo walinung'unika.

Kama hadithi yenu inawahitaji watu pale, kwa mfano baraza la kijiji, kesi au harusi, hapo sawa. Anzeni na viti vichache pembeni. Fanyeni mazoezi mawili au matatu na watu wamekaa kweli, si viti vitupu, maana kiti kitupu hakinyooshi miguu. Nyaya zote zifunikwe, na njia ya kutokea ibaki wazi. Mmoja wenu akae pamoja nao kila usiku, awe ndiye wa kumtoa atakayepokea simu. Na bei, nawasihi, iwe chini kuliko ya viti vya mbele: mnawauzia migongo.