Usiupeleke mkono wa Leatherman kwenye grenda

Mwambie fundi azime grenda. Soma hapa kwanza, halafu uamue.

Umesema uko Wete, una Leatherman Wave, lile koleo la kukunja lenye visu na msumeno ndani, na umeshapata mtu wa kuukata ule mkono wake wa msumeno na kuuchimba tundu ili uwe unaingiza bledi za jigso, ule msumeno wa umeme wa bledi nyembamba inayopanda na kushuka, leo ya mbao, kesho ya chuma. Umeuliza bledi zipi ununue, koleo litafunga na bledi ikiwa ndani au la, parafujo zinafunguliwaje, na mkoba gani utaenea. Kisha mwisho kabisa umetupia: "fundi anasema kwa grenda ni dakika mbili tu." Hizo dakika mbili ndizo zilizonitoa kitandani. Mengine yote utarekebisha baadaye, hilo hulirekebishi.

Mie langu nililetewa na binamu yangu kutoka Maskati, Wave hiyo hiyo. Nikaambiwa maneno hayo hayo na fundi mmoja wa mageti huku Mjini, nikamwachia mkono wa msumeno asubuhi, mchana nikaufuata. Tundu lilikuwa zuri kwa macho, bledi inaingia na kutoka bila kugombana. Pembeni mwa tundu kulikuwa na rangi ya buluu iliyoiva. Nikamuuliza, akanijibu kwamba hiyo ni rangi tu, nipitishe msasa itoke. Nikaipitisha msasa, ikatoka. Rangi ilitoka, lakini moto uliokwisha kupita kwenye chuma haukutoka na msasa.

Wazo lako si baya, nataka ulielewe hilo. Kampuni hiyo hiyo ina Surge, koleo kubwa kuliko Wave, na Surge inatoka kiwandani ikiwa na mkono wa kubadilishia bledi za jigso zenye mkia wa herufi T. Kwa hiyo inawezekana, na inafanya kazi miaka. Ila hebu tazama bledi yako ya jigso kwa karibu. Meno yake yanaelekea mkiani, kwa sababu mashine hukata bledi inapopanda juu. Ukiishika kwa mkono maana yake inakata unapovuta. Hilo ni jema, bledi nyembamba ikivutwa haipindi. Lakini mvuto wote huo unaangukia kwenye yale masikio mawili madogo ya T, na masikio yenyewe yanashikwa na midomo miwili ya tundu utakalochimba. Hakuna kingine kinachoishika bledi. Midomo ile ikiwa laini, umebeba kisu kisichofungwa.

Sasa sikiliza habari ya rangi, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa, na nina hasira nao mpaka leo. Fundi wako atakwambia, na video zitakwambia, kwamba ukiona manjano unasimama, unachovya maji, unaendelea. Kwenye chuma cha kawaida, cha patasi au cha panga, maneno hayo yana ukweli: manjano huja kwenye nyuzi 220 hivi, buluu kwenye 300. Lakini mkono wa Wave ni chuma kisichoshika kutu, cha kutiwa maji, yaani kilichochomwa kikapozwa ghafla ili kiwe kigumu, jamii moja na visu vyake vya chuma kiitwacho 420HC. Kromiamu iliyomo ndani inachelewesha rangi. Manjano yake hutokea karibu na nyuzi 300 au zaidi, na mpaka ukiona buluu umeshapita 500. Na huko juu ya 500 ndiko ugumu wa chuma cha aina hii unakoporomoka. Anayesubiri rangi imwonye, anaonywa baada ya chuma kulegea.

Fundi wa mageti hana haja ya kuyajua hayo. Chuma laini cha mageti na bomba la mraba havijatiwa maji, ukivichoma vikawa vyekundu vikipoa ni vile vile. Kwa geti la shangazi yangu ningemwita yeye kesho. Kinachoniudhi ni kule kusema "najua" kwa kitu ambacho hajawahi kukishika, na kuchukua pesa, na nilipomrudia akaniambia koleo lenyewe ni la bandia. La bandia! Nimelitumia kwenye kazi za mabomba ya hoteli na maboti, halijawahi kunipa tabu mpaka lilipopita mikononi mwake.

Lililonifika ni hili. Tulikuwa tunabadilisha pau za banda la makuti Kiwengwa. Niko juu ya ngazi, upau wa mvinje uliokauka, nakata kwa kuvuta. Bledi inakula vizuri, unga unashuka. Ilipofika katikati mti ukabana, nikavuta kwa nguvu kidogo tu, na mkono ukanirudia mtupu. Bledi imebaki imesimama ndani ya upau, mie nakwenda nyuma na koleo, bega limegonga nguzo, ngazi inateleza ubavu. Aliyekuwa chini aliidaka. Asingekuwepo ningekuwa nakuandikia mambo mengine.

Niliposhuka nikalitazama lile tundu. Midomo yote miwili ilikuwa imekunjukia nje kama ukingo wa kopo lililofunguliwa kwa kisu. Chuma kigumu hakikunjuki hivyo, hukataa au huvunjika. Nikachukua tupa ya kawaida nikaipitisha upande wa parafujo, mbali na tundu: tupa ikateleza, ikalia, haikutoa hata chembe. Nikaileta pale palipokuwa na buluu: ikauma mara moja na kutoa unga unaong'aa, kama napiga tupa msumari. Hapo ndipo nilipojua nini kilifanyika. Jaribio hili nawe lifanye kwa kazi yoyote utakayoletewa na fundi yeyote, ni sekunde chache na tupa haijui kusema uongo.

Halafu likaja la pili, ambalo sisi wa pwani linatuuma zaidi. Pale pale penye buluu ndipo kutu ilipoanzia. Sehemu nyingine zote za koleo safi, pale madoa ya kahawia. Kromiamu inayokinga kutu lazima iwe imetapakaa ndani ya chuma; ukikichoma kwenye joto lile inashikana na kaboni, inaacha chuma cha pembeni yake bila kinga. Kwa mtu wa bara pengine ingechukua muda. Kwa hewa ya chumvi ya kwetu, Unguja au Pemba, haisubiri.

Na dhamana usiiwazie. Leatherman wanatoa miaka 25, lakini koleo ulilolichimba mwenyewe halimo.

Basi kanuni yangu ni moja, na nitaigombania na yeyote: kazi yote ifanyike kwa maji, na kidole kitupu kiwe juu ya chuma. Si glovu, si kitambaa. Kidole kiwe karibu kabisa na unapokata, si mwisho wa pili wa mkono. Binadamu hawezi kuvumilia hata nyuzi 60 kwa muda, na chuma kinaanza kudhurika mbali sana juu ya hapo. Kidole kikisema moto, ondoa, chovya, subiri, rudi. Ukifuata hilo huhitaji kujua rangi wala nyuzi wala 420HC.

Tupa ya kawaida itateleza, nimeshakwambia kwa nini. Tafuta tupa ndogo za almasi, zile seti za mafundi saa na masonara, haziogopi chuma kilichotiwa maji. Ukitaka kupunguza kazi, tumia kile kimashine kidogo cha mkononi chenye diski nyembamba, lakini gusa na uondoe, gusa na uondoe, bakuli la maji liwe chini ya mkono wako. Vaa miwani, diski zile hupasuka. Utoe mkono kwenye koleo kwanza, usikate ukiwa umo ndani, maana unga wa almasi na wa diski ukiingia kwenye maungio unakula loki, kile kinachouzuia mkono usijikunje unapoutumia. Tundu lianze dogo kuliko mkia wa bledi, ulipanue taratibu mpaka bledi iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikiingia kwa kudondoka, umeshakosa. Na upande wa parafujo, ule uso unaogusana na loki, usiuguse kabisa kwa chochote. Ukilegea hapo koleo linakufungia vidoleni.

Itakuchukua jioni kadhaa. Ndiyo. Fundi anayesema dakika mbili anakuuzia joto.

Bledi: kwa mbao chukua T144D, meno makubwa, inakula haraka. Kwa chuma T118A, meno madogo ya chuma kigumu. Herufi T mwanzoni ndiyo mkia unaoutaka, wenye masikio. Zile zenye mkia wa U na tundu la mviringo ziache. Na usinunue yenye R mwishoni, kama T101BR, meno yake yamegeuzwa, itakata unaposukuma na itapinda. Koleo halitafunga na bledi nzima ndani: Wave ikifungwa ni sentimita 10, na bledi nyingi hizi pamoja na mkia zinakaribia hizo hizo, bado hujahesabu sehemu ya mkono. Utaikata ncha au utaibeba kando. Ukiikata ncha, maji na kidole, usije ukafikiri kwa kuwa ni bledi ya bei ndogo basi grenda ruhusa. Ile T144D ni chuma cha kaboni, huyo ndiye analegea hata mapema zaidi.

Kama fundi wako ameshakata, usianze kulitumia kwa kumwonea haya. Pitisha tupa pembeni mwa tundu, na tazama loki inavyokaa. Kama hajakata, kalichukue koleo lako leo, na ukishautoa mkono nipigie picha pande zote mbili kabla hujachora mstari wowote. Nitakuonyesha tundu likae wapi.