Daftari Lisomwe na Wenye Kazi Nalo

Swali lenu la wiki hii linauliza kama Kenya iyaweke hadharani majina na picha za watu wote waliohukumiwa kwa makosa ya kingono, kama inavyofanyika Marekani. Jibu langu ni la, na ninalitoa nikiwa mwalimu mstaafu niliyefundisha shule za msingi huku Kilifi kwa miaka 26, na niliyewahi kumshika mkono mwanafunzi wa darasa la sita kumpeleka kituoni kuandikisha taarifa. Naomba asiwepo wa kudhani kwamba ninawahurumia wanaonajisi watoto. Ninaipinga orodha ya hadharani kwa ajili ya watoto wale wale, na ninaamini Wamarekani wenyewe wanapaswa kuirekebisha sheria yao kabla sisi hatujaiiga.

Tukumbuke ilikotoka. Oktoba 1989, mvulana wa miaka 11 aitwaye Jacob Wetterling alitekwa nyara na mtu mwenye bunduki karibu na kwao St. Joseph, jimbo la Minnesota, akiwa anarudi nyumbani kwa baiskeli pamoja na mdogo wake na rafiki yao. Mama yake, Patty Wetterling, alihangaika hadi mwaka 1994, ambapo sheria ya taifa yenye jina la mwanawe iliyataka majimbo yote yaweke daftari la waliohukumiwa, na daftari hilo lilikusudiwa hasa kuwa chombo cha polisi. Mwaka huo huo msichana wa miaka 7, Megan Kanka, aliuawa huko New Jersey na jirani aliyekuwa na hukumu za awali za kudhuru watoto, na kufikia mwaka 1996 sheria nyingine ikaagiza umma uarifiwe. Kisha mwaka 2006 ikaja sheria yenye jina la Adam Walsh, mtoto mwingine aliyeuawa, inayowapanga wahalifu kwa aina ya kosa katika ngazi 3, za kubaki daftarini miaka 15, miaka 25 na maisha, na inayowaingiza hata watoto wa miaka 14 kwa makosa fulani. Leo waliosajiliwa ni zaidi ya watu 700,000. Mabaki ya Jacob yalipatikana mwaka 2016, baada ya mtu wa mji wa jirani, ambaye polisi walikuwa wamemhoji miezi michache tu baada ya tukio, kukiri. Patty Wetterling, ambaye hakuna mwenye haki kuliko yeye ya kudai ukali, amekuwa akisema hadharani kwa miaka mingi kwamba sheria hizi zimetanuka kupita kiasi. Mama huyo asikilizwe.

Orodha ya hadharani inamfundisha mzazi kumwogopa mgeni wa mtaa wa pili. Takwimu za Wizara ya Sheria ya Marekani za mwaka 2000, zilizotokana na taarifa za polisi, zilionyesha kwamba katika mashambulizi ya kingono dhidi ya watoto, asilimia 34 ya washambuliaji walikuwa jamaa wa mtoto, asilimia 59 walikuwa watu wanaofahamiana naye, na wageni walikuwa asilimia 7 tu. Sihitaji kusafiri hadi Marekani kuliamini hilo. Mtoto niliyempeleka kituoni alikuwa ameharibiwa na mume wa shangazi yake, aliyekuwa akimlipia sare na chakula cha shuleni. Wazee wa pande mbili walikaa chini ya mwembe, pesa zikatolewa, mama akabembelezwa asiivunje nyumba ya wifi yake, na siku ya kesi hakuna shahidi aliyefika. Muhula uliofuata msichana hakurudi darasani. Sasa nawauliza wanaopendekeza picha zibandikwe: familia iliyoficha jambo hilo kwa kuogopa aibu ya mwaka mmoja, itafanya nini ikijua kwamba aibu itabandikwa kwenye intaneti maisha yote, na kwamba kijiji kizima kikiona sura ya mwanamume huyo kitajua mara moja ni mtoto gani aliyefanyiwa? Vikao vya chini ya mwembe vitaongezeka, nina hakika.

Upo pia msingi mbovu ambao sheria za Marekani zimejengwa juu yake. Mwaka 2002, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliandika kwamba wahalifu wa kingono wasiotibiwa hurudia makosa kwa kiwango kinachokadiriwa kufikia asilimia 80, na mwaka uliofuata, katika kesi ya Alaska, ikaamua kwamba kusajiliwa si adhabu, na kwa hiyo hata waliohukumiwa kabla ya sheria kutungwa wanaweza kuingizwa daftarini. Asilimia hiyo ilikuja kufuatiliwa hadi kwenye makala ya jarida la mwaka 1986 isiyokuwa na utafiti wowote nyuma yake. Ripoti ya serikali yao wenyewe ya mwaka 2019, iliyowafuatilia kwa miaka 9 wafungwa waliotoka mwaka 2005 katika majimbo 30, ilikuta kwamba waliokamatwa tena kwa ubakaji au shambulio la kingono walikuwa asilimia 7.7 ya wale waliokuwa wamefungwa kwa makosa hayo. Najua kukamatwa si sawa na kutenda, na makosa mengi ya aina hii hayafiki polisi. Nimewaeleza moja hapo juu. Hata hivyo, umbali kati ya 80 na 7.7 ni mkubwa mno kwa sheria inayomfunga mtu maisha yake yote.

Miji mingi huko ikaongeza marufuku ya makazi. Kaunti ya Miami-Dade iliwazuia wahalifu waliodhuru watoto kuishi ndani ya futi 2,500 kutoka shule, na kwa vile katika jiji lililosongamana ni vigumu kupata nyumba isiyo karibu na shule, wanaume kadhaa waliishia kulala chini ya daraja la Julia Tuttle kwa miaka, hadi kambi hiyo ilipovunjwa mwaka 2010. Mtu asiye na anwani, kazi wala ndugu wa kumwangalia ni mgumu zaidi kusimamiwa. Wachumi J.J. Prescott na Jonah Rockoff walichapisha mwaka 2011 utafiti unaoonyesha kwamba kuwasajili watu kwa polisi kunaelekea kupunguza makosa, lakini kuwatangaza kwa umma kunaweza kuwafanya waliosajiliwa warudie zaidi.

Marekebisho yanawezekana. California, iliyokuwa ikiwasajili watu maisha kwa karibu kila kosa la aina hii, tangu 2021 inatumia ngazi za miaka 10, miaka 20 na maisha, na wa ngazi za chini wanaweza kuiomba mahakama iwaondoe. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2014 kwamba ni kinyume cha katiba kumwingiza mtoto aliyekosa katika daftari moja kwa moja bila kusikilizwa.

Uamuzi huo unatuhusu sana. Sheria yetu ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inampa kifungo kisichopungua miaka 15 mtu aliyelala na msichana wa miaka 16 au 17, hata kama ni kijana aliyetimiza tu miaka 18 na walipendana, na mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufani walisema wakati umefika wa kulitazama upya suala la umri ambao mtu anaweza kuridhia ngono. Tukiyatangaza majina yote, kijana huyo atawekwa kando ya mtu aliyembaka mtoto wa miaka 5, na anayesoma orodha hatajua amwogope nani.

Sheria hiyo hiyo tayari inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu atunze daftari la waliohukumiwa. Ninachokiomba ni kwamba kila shule, madrasa, kituo cha watoto na kanisa lenye darasa la Jumapili lilazimishwe kuuliza kwa Msajili kabla ya kumkabidhi mtu yeyote watoto, kwa sababu nimeona kwa macho yangu mwalimu aliyefukuzwa mahali pamoja akipokelewa kwa chai mahali pengine. Asiyefikisha miaka 18 wakati wa kosa asiingizwe bila jaji kumsikiliza, na aliyeingizwa apewe nafasi, baada ya miaka kadhaa na kwa ripoti ya wataalamu, ya kuomba atolewe. Siku ya ombi hilo, aliyedhurumiwa aarifiwe mapema, na akitaka kusema, asikilizwe faraghani bila wazee wala shangazi mlangoni.